Mradi wa sanaa "umefanikiwa kwa kiwango kikubwa": nani kapima, na kapima nini? Watu wa Mtwara na Lindi tujadili

#1 Kijana wa Chikongola

Wakuu, heshima kwenu.

Kibarua changu ni kukusanya takwimu. Ukiona mtu kakaa chini ya mwembe na kishikwambi, anamuuliza bibi wa watu "kwa kipimo cha moja hadi tano", huenda ndiye mimi. Nimeulizia maji, vyandarua, korosho, na mara kadhaa miradi ya sanaa na utamaduni inayolipiwa na fedha za umma, ziwe za serikali kuu, za halmashauri, au kodi za watu wa nje zinazopitia balozi zao. Leo naomba tuzungumze hii miradi ya sanaa, maana sijaona eneo jingine tunalolipima ovyo namna hii.

Ripoti zake karibu zote zinafanana. Washiriki wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, siku za mafunzo, picha ya mgeni rasmi akigonga ngoma kwa vidole viwili, halafu sentensi ya kufungia: mradi umefanikiwa kwa kiwango kikubwa. Soma kurasa zote, hutajua kama ngoma ilinoga. Hutajua kama kinyago kilichotoka pale mchongaji mwenyewe angethubutu kukiweka mezani mbele ya mchongaji mwenzake. Tumehesabu viti tukaridhika.

Niwape mfano, wilaya sitaji wala mwenye mradi simtaji. Tamasha. Kikundi cha sindimba kimepewa dakika saba. Jukwaa limejengwa likitazama turubai la wageni, kwa hiyo wachezaji wakapangwa mstari, uso kwa meza kuu, mgongo kwa wanakijiji. Sindimba mnaijua: watu wanazunguka, na anayetazama sasa hivi mara yumo ndani, kiuno kimeshamsaliti. Pale hakuna aliyeingia, kamba ilikuwa imefungwa. Tena ratiba ilikuwa imechelewa, mshereheshaji akawaita kabla wapigaji hawajamaliza kuwasha nyasi za kuzioteshea ngoma moto. Vinganga, zile ngoma ndogo, vikatoa sauti ya ndoo. Mzee aliyekuwa ubavuni kwangu akasema polepole, "Ngozi haijaona moto," akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka. Kishikwambi kilikuwa na swali moja tu kuhusu kikundi hicho: Je, kilitumbuiza? Ndiyo au Hapana. Jibu ni Ndiyo.

Mzee yule alishatoa tathmini ya ubora kwa maneno matatu, na hapakuwa na pa kuyaandika.

Hoja yangu ndiyo hii. Ubora wa sanaa unapimika, ila wa kuupima si mimi mwenye dodoso wala si mtoa fedha. Ni wanaoijua kazi yenyewe, na waipime kwa kile mradi ulichoahidi tangu siku ya kwanza. Athari nayo ipimwe fedha zikishaisha, siyo siku ya kufunga ambapo kila mtu ana bahasha ya posho mfukoni.

Karibuni.

#2 Pweza Mkavu

Zahanati ya kwetu unaandikiwa dawa ukanunue dukani, nyie mnajadili ubora wa sindimba. Hela ya umma iende kwenye dawa. Nimemaliza.

#3 Kijana wa Chikongola

Mkuu Pweza, hatupingani. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa sheria ya 1984, Sera ya Utamaduni ni ya 1997, Mfuko wa Utamaduni ulianza 1998. Fedha za sanaa zipo kwenye mafungu, na zitatoka hata mimi na wewe tukinuna. Kama unaona ni za kupoteza, basi wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kudai ripoti inayoeleweka.

#4 Mtu wa Halmashauri

Nimo kwenye mfumo huohuo, wapi hamtajua. Niwatetee kidogo maafisa utamaduni.

Mkaguzi akija anataka hati ya malipo, risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na picha. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza kama ngoma ilinoga. Kwenye barabara anaweza kuchimba akapima unene wa tabaka, akakuambia thamani ya fedha haipo. Kwenye sanaa atachimba wapi? Basi tunampa kinachohesabika, naye anashukuru.

Sasa angalieni hilo linavyorudi kuumba mradi wenyewe. Fundi wa ngoma anakaa Kitaya huko, hana mashine ya EFD na hatakuwa nayo. Mwenye mashine ni muuza fulana, mwenye turubai, mwenye spika za kukodi, mwenye hoteli. Kwa hiyo ukifungua bajeti utaona fulana, turubai, spika, chakula, mafuta ya gari, na chini kabisa mstari mmoja, "posho ya kikundi". Siyo lazima kuna aliyeiba. Bajeti inafuata risiti. Mtathmini makini angeanzia hapo, kabla hata hajafika uwanjani: katika kila shilingi mia, ngapi zimefika mkononi mwa aliyecheza au aliyechonga?

Kingine ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kikundi cha ngoma kikitaka ule mkopo, watu wanakishauri kiandike andiko la kufuga kuku, maana ngoma haina marejesho yanayoeleweka kwenye karatasi. Usajili ni wa ngoma, mkopo ni wa kuku, na tathmini itakuwa ya kuku.

#5 Salfa ya Juni

Nakazia hapo kwenye fulana. Za utamaduni ninazo za kutosha, ndizo ninazovaa nikipulizia mikorosho.

#6 Mzee Mpingo

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni mchongaji. Nilifundishwa na mjomba wangu huko Newala, baadaye nikakaa Mwenge, Dar, sasa nimerudi kwetu. Mmesema wanaoijua kazi waulizwe. Haya, niwaeleze sisi tunavyopima.

La kwanza ni uzito. Mpingo ukiutia majini unazama. Ukipewa kinyago cheusi halafu chepesi, ujue umepewa mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Kigeuze, kwangua kwa kucha kwenye kitako, pale brashi haikufika vizuri.

La pili, tunatazama kama fundi ameufuata mti au ameulazimisha. Chukua ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana. Gogo la mpingo halinyooki, lina mapindo na mashimo. Fundi anayejua, kila pindo kwake ni bega la mtu au mgongo wa mtoto. Asiyejua ananyoosha kwanza, halafu anachonga watu wamesimama wima, wote sura moja. Kimekamilika, kinang'aa, mnunuzi anakipenda. Sisi tunapita.

La tatu, pitisha kidole kwenye matundu ya ndani, kati ya mkono na kiuno, chini ya kidevu. Msasa ulipofika kidole kinateleza, ulipoachwa kinakwama. Mgeni anatazama nje. Mchongaji akiletewa kazi ya mwenzake anaanza ndani.

Hayo matatu hata mtoto wa dodoso anaweza kuyaandika, sioni ugumu.

Sasa niwape kituko. Uliletwa mradi mahali, andiko limeandikwa na mtu aliye mbali, linataka mapiko ya mpingo. Mapiko ni ya kuvaa kichwani ukacheze. Yanachongwa kwa mti mwepesi tangu enzi. Mvike mchezaji gogo la mpingo uone kama shingo itafika katikati ya uwanja. Lakini vijana walikuwa wanataka hela, wakachonga. Yakapigwa picha, yakahesabiwa. Halikuchezwa hata moja. Kwenye ripoti yameitwa "bidhaa zilizozalishwa".

Kuna lipiko letu, yaani mapiko likiwa moja, liliibwa Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984, likaja kuonekana kwenye makumbusho ya watu binafsi Geneva, likarudishwa 2010. Huyo mwizi alijua kuchagua kuliko kamati nyingi nilizokaa nazo.

Mtatuita siku ya kufunga mtupe soda, tutasema ahsanteni. Tuiteni siku ya kuandika andiko.

#7 Binti Mikindani

Shikamoo Mzee Mpingo. Kucheka nimecheka, ila kidole ndani ya tundu nimekichukua, nitakifanyia kazi.

Naongeza upande ambao kaka zangu hapa hamtaugusa. Kulikuwa na mpango wa kurekodi nyimbo za unyago, eti kuhifadhi urithi. Kiashiria: idadi ya nyimbo zilizorekodiwa. Manyakanga, wale walimu wa unyago, wakaitwa. Walipoiona kamera wakatazamana, wakaimba mstari wa kwanza vizuri, iliyobaki wakaiguna tu huku wanapiga makofi. Kijana wa kamera akaona ndivyo wimbo ulivyo. Akaandika: mmoja. Wakaendelea hivyohivyo mpaka hesabu ikatimia.

Hao ndio walionusurika. Kuna mama mmoja sehemu nyingine aliimba kweli, maneno yote, kwa kuwa aliambiwa ni ya kuhifadhiwa. Video ikaingia kwenye simu za watu. Wakwe zake wakaiona. Msimu uliofuata hakuletewa mwali hata mmoja, na unyago ndio uliokuwa heshima yake na sehemu ya chakula chake.

Hiyo nayo ni athari, wakuu. Kwa maisha ya yule mama ni kubwa kuliko kila kilichoandikwa kwenye ripoti. Lakini dodoso zote nilizowahi kujazishwa zinauliza "umenufaika vipi?" Sijawahi kukutana na inayouliza "umepoteza nini?"

#8 Mtoka Kivinje

Uzi umenoga. Dada, hapo kwa mama wa watu umenishika pabaya.

Mimi nimesomea mambo ya makumbusho, niongeze ya wenzetu kidogo, maana hili halijatushinda sisi peke yetu. Uingereza, mwaka 1997, François Matarasso alitoa utafiti wa miradi ya sanaa za jamii akaorodhesha athari 50 za kijamii: watu wanajiamini zaidi, wanapata marafiki, kadhalika. Serikali ikaupenda sana. Miaka michache baadaye Paola Merli akazishambulia mbinu zake, na moja ya hoja ilikuwa kwamba watu waliulizwa baada tu, hakuna aliyejua walikuwaje kabla. Mnaona? Wao wana fedha na vyuo, na walikwama palepale anapokwama Kijana wa Chikongola na kishikwambi chake.

Baadaye, miaka ya 2010 mwanzoni, taasisi za sanaa za Manchester zilitengeneza vipimo vyao wenyewe. Nilichokipenda ni kwamba kazi moja inapimwa na pande tatu. Msanii anasema kabla anachokusudia, na baada anajipima. Wasanii wenzake wanapima. Watazamaji wanapima. Maswali ni yaleyale: ilikushika? ilikuwa na upekee? ilikupa changamoto? ilifanywa kwa ustadi? Halafu unatazama pande hizo zinapoachana. Msanii kajipa juu, wenzake chini, watazamaji juu: hapo pana la kuzungumza, na ndilo lenye faida kuliko wastani wowote.

Baraza la Sanaa la England likayachukua. Mwaka 2016 lilipotaka kuyafanya ya lazima kwa taasisi zinazopata zaidi ya pauni 250,000 kwa mwaka, wasanii wakapiga kelele. Hofu yao ilikuwa kwamba chombo cha kujifunzia kinageuzwa mizani ya kugawia fedha, na kikishakuwa hivyo kila mtu atajifunza kukijaza.

Kwa kulinganisha, huku Kilwa magofu yana raha yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatarini 2004, zikatolewa 2014. Ukuta ama umeshikwa ama umeanguka. Bahari ama inaula ufukwe ama imezuiwa. Unaenda, unatazama. Ngoma haikai ikusubiri hivyo, lazima mpimaji awepo siku ile, na awe anajua anachokitazama.

#9 Kijana wa Chikongola

Mtoka Kivinje, pande tatu nazinunua zote. Tatizo langu ni ile moja hadi tano. Huku mgeni hasemwi vibaya mbele yake. Bibi ananipa tano, tano, tano, nikifunga kishikwambi na kuaga ndipo anaanza, "Ila mwanangu, wale vijana..." Na hapo ndipo tathmini inapoanza kweli.

Kwa hiyo badala ya kumuuliza ngoma ilikuwa nzuri kiasi gani, mimi ningeuliza vitu ambavyo adabu haiwezi kuvifunika. Ukiwa na jando la mwanao Desemba utaita kikundi kipi? Ungetoa nauli yako kwenda kuwaona tena? Na kwa kikundi chenyewe, mwaka mmoja baada ya mradi: nani kawaita, msiba, harusi, jando, bila barua ya halmashauri? Daftari la mialiko lina ukweli kuliko ripoti nzima. Kikundi kilichofunzwa, kikapewa sare, na hakuna mwanakijiji aliyekiita mwaka mzima, hapo jibu tunalo.

Jingine, msimu. Hili mtu wa mbali hawezi kulijua. Ukipima kipato cha mchongaji au mauzo ya mikeka Novemba, korosho zikiwa zimeshapigwa mnada na hela ziko mtaani, utaandika mafanikio makubwa. Njoo Machi. Watu walewale, kazi ileile, mfuko mtupu. Nimeona "takwimu za awali" zimechukuliwa Machi na za mwisho Novemba, na ongezeko lote likapewa mradi. Lile ongezeko ni la korosho.

#10 Nachingwea Kwetu

Ngoja niwavurugie kidogo. Kijana anasema mradi upimwe kwa ulichoahidi. Sisi wa Nachingwea tuna shaka na hilo.

Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka wiki 9 tu, ukaandika kwamba karanga zitastawi, na kwetu pakiwemo. Mwaka 1947 mradi ukaanza, matrekta, reli, bandari ya kina kirefu. Mwaka 1951 ukafutwa, mamilioni ya pauni ya walipa kodi wao yamekwenda. Lengo lilikuwa mafuta ya kula kwao. Kwa kipimo cha ahadi, sifuri. Reli yenyewe ikaja kung'olewa. Lakini bandari ya Mtwara ilibaki, na mji ukakua kuizunguka, na leo korosho inapakiwa pale. Nani aliandika hilo kwenye andiko?

Sasa rudi kwenye sanaa. Kwetu kulikuwa na mradi wa kufundisha vijana ngoma. Vijana karibu wote waliacha kabla haujaisha. Umeshindwa, siyo? Ila ngoma zilizochongwa zilibaki kwa mzee mmoja, na hadi leo ndizo zinazoazimwa kijiji kizima na vijiji vya jirani. Dodoso lililoangalia vijana halikuziona ngoma.

#11 Kijana wa Chikongola

Mkuu, hapo umenipata pazuri. Basi maswali yawe mawili: kilichoahidiwa kiko wapi, na nini kimebaki ambacho hakikuahidiwa. La pili liulizwe bila orodha ya majibu, mtu aseme mwenyewe. Ukimpa visanduku atatia tiki kwenye vyako. Na hapohapo ndipo lile la Binti Mikindani linapoingia, "umepoteza nini", maana nalo hakuna mradi uliowahi kuliahidi.

#12 Mtu wa Halmashauri

Yote mazuri. Nina mawili ya mezani. Nani atalipa? Na wazee wenyewe tunawajua. Mjomba akiwekwa kwenye jopo, kikundi cha mpwa wake hakishindwi.

La malipo nina jibu nusu. Miradi mingi ina fungu la ufuatiliaji na tathmini, na linaishia kwenye mafuta ya gari na posho za sisi tunaotoka ofisini. Wazee watatu, nauli na chakula, ni chini ya safari moja ya gari. Hata kwenye karatasi linapita. La upendeleo ndilo linanisumbua.

#13 Mzee Mpingo

Mwanangu wa halmashauri, hilo babu zako walishalimaliza. Tumia watani.

Ndugu yangu hawezi kuniambia kinyago changu kibaya, ataona ameniumiza. Mgeni ataogopa. Mtani atakuja, atakigeuza, ataniuliza nimemchonga mama mkwe wangu au nimemchonga nyani, watu watacheka, na hakuna kesi wala kinyongo. Ndani ya kicheko atakuwa ameshaonyesha mguu nilioukosea. Mmakonde akapimwe na Myao, Mmwera akapimwe na Mmakonde. Mtwara tuna tamasha limeitwa MaKuYa, jina lenyewe ni Makonde, Makua na Yao. Majaji tayari wako uwanjani, wamekaa wanatazama ngoma za wenzao na wanazisema. Waandikieni tu wanayoyasema.

#14 Salfa ya Juni

Mzee! Hii ya watani ipelekwe Dodoma.

#15 Binti Mikindani

Naunga mkono, kwa ngoma za uwanjani. Za ndani watani wasisogee. Kwa unyago, wapimaji wawe manyakanga wenyewe, na ripoti iruhusiwe kuandika "hili tumeliona, hatulielezi". Mfadhili asiyeweza kuipokea sentensi hiyo asiguse unyago.

#16 Pweza Mkavu

Nimesoma mpaka huku, sijui kwa nini. Bado nasema dawa kwanza. Ila ile ya katika kila shilingi mia ngapi zimefika, mkimaliza na ngoma pitieni na zahanati ya kwetu.

#17 Nachingwea Kwetu

Kijana, andaa dodoso fupi ukurasa mmoja: shilingi mia, daftari la mialiko, wazee siku ya andiko, umepoteza nini, nini kimebaki. Kwetu kuna kikundi kilimaliza mradi mwaka jana, tukalijaribu Julai.

#18 Kijana wa Chikongola

Julai nusu yao wako shambani na mashine za salfa, tutawakuta wamechoka watatujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Tufanye Agosti mwishoni, kabla ya kuokota korosho. Mzee Mpingo, nauli ya mtani mmoja kutoka Masasi naitoa mimi, huyo wa pili achangie Mtu wa Halmashauri kwenye lile fungu lake la mafuta.